Laksa ya London: kwa nini bakuli moja lilifaulu na sahani mbili zikaanguka

Kisa chenyewe ni hiki. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Singapore aliyehamia Uingereza akiwa kijana, alipata habari za mgahawa mdogo kaskazini mwa London unaopika vyakula vya wachuuzi wa kwao. Nyumbani hajafika kwa muda mrefu, akaniomba nimsindikize. Tuliagiza wali wa kuku wa Kihainan (wa Wachina wa kisiwa cha Hainan), char kway teow (tambi za mchele za kukaanga), laksa (tambi kwenye mchuzi wa viungo na tui la nazi) na kahawa. Wali wa kuku aliula kwa adabu tu. Char kway teow aliionja vijiko viwili akaisogeza pembeni. Laksa aliimaliza, kisha akainua bakuli akanywa mchuzi uliobaki. Vyote vimetoka jiko moja, jioni moja.

Wengi wangeishia kuuliza kama mgahawa ule ni wa asili au si wa asili. Mimi naona swali hilo halimsaidii mtu, kwa sababu jibu lake hapa lingekuwa ndiyo na hapana kwa pamoja. Kilichotokea mezani kwetu kina sababu zinazoonekana, na ukizijua utajua uagize nini na uache nini unapoingia mgahawa wa namna hiyo, uwe wa Singapore au wa kwetu.

Alichokuwa anakitafuta

Dada (ndivyo ninavyomwita, maana amenizidi umri) alikulia Toa Payoh, mtaa wa Singapore, kwenye maghorofa ya serikali. Karibu na ghorofa lao kulikuwa na kituo cha wachuuzi wa chakula. Mama yake alikuwa anafanya kazi kiwandani, kwa hiyo siku nyingi chakula cha jioni kilinunuliwa chini, kikafungwa, kikapandishwa juu. Ukimsikiliza akisimulia utagundua kwamba hazungumzii chakula cha Singapore. Anamzungumzia yule mzee wa char kway teow mwenye fulana nyeupe na taulo shingoni. Anamzungumzia mama wa laksa aliyejua kwamba mtoto huyu hali kombe za baharini, akawa hamwekei hata kabla ya kuambiwa. Kila chakula kwake kina mtu wake.

Hali hiyo ina historia. Singapore ilipopata uhuru wake mwaka 1965, wachuuzi walikuwa wamejaa barabarani na mikokoteni yao, wakiosha vyombo kwenye ndoo na kumwaga maji machafu mtaroni. Kati ya mwaka 1968 na 1969 serikali iliwaandikisha wachuuzi wapatao 18,000. Kuanzia 1971 hadi 1986 ikawa inawahamishia kwenye majengo maalumu yenye maji ya bomba, umeme na mahali pa kutupa taka. Leo vituo hivyo ni zaidi ya 110, na Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi usioshikika.

Jambo linalonihusu katika historia hiyo ni ukubwa wa kibanda. Mchuuzi alipewa nafasi ya kugeuka tu, akaingia nayo kile chakula kimoja alichokuwa anakiuza kwenye mkokoteni. Hakuwa na mahali pa kupika vyakula kumi hata kama angetaka. Mhokkien, Mchina wa kusini, akabaki na tambi zake, Mhainan na kuku wake, Mmalay na nasi lemak (wali wa nazi), Mwislamu wa Kitamil na prata zake, mfano wa chapati zetu. Mteja anakaa katikati, anaamka kwenda kibanda hiki na kile, anarudi na sahani nne za watu wanne. Uchaguzi wote ni wa mteja. Mpishi hachagui kitu. Anapika kilekile asubuhi hadi usiku, mwaka hadi mwaka, mpaka mkono unajua wenyewe.

Mgahawa wa ugenini unalazimika kufanya kinyume chake. Vibanda vyote vile vinaingizwa katika jiko moja lenye wapishi wawili. Menyu tuliyopewa ilikuwa imejaa pande zote mbili: laksa, satei, nasi lemak, prata, kaa wa pilipili, mee goreng, wali wa kuku, char kway teow, na zile tambi nyembamba za bizari zinazoitwa "tambi za Singapore". Dada aliisoma kwa furaha kubwa, akicheka kila alipokuta jina analolijua. Mimi niliona kazi ya watu wasiopungua kumi na wawili imebebeshwa watu wawili.

Wali wa kuku

Wahainan walifika Singapore nyuma ya Wahokkien na Wateochew, Wachina wenzao wa kusini, wakakuta biashara nyingi zimeshikwa. Wengi wakaishia kuwa wapishi na watumishi kwenye nyumba za Waingereza, wengine wakafungua mikahawa ya kahawa. Wali wa kuku waliutoa kwao, kwenye kuku wa Wenchang, mji wa Hainan, ukabadilika kidogo kidogo hapo Singapore. Mkahawa wa Swee Kee wa barabara ya Middle, uliofunguliwa mwaka 1947 na kufungwa 1997, ndio uliofanya wengi waujue.

Ukiuona kwenye sahani huoni kitu: kuku mweupe, wali, tango, sosi. Kazi yake yote imefichwa. Kuku mzima anazamishwa kwenye maji ya moto yasiyotokota, anaachwa aive taratibu, kisha anatumbukizwa kwenye maji ya barafu. Baridi ile ya ghafla inakaza ngozi, na ule urojo wa chini ya ngozi unaganda ukawa utando laini unaoteleza mdomoni. Mafuta ya kuku yanayeyushwa, mchele unakaangwa humo pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na majani ya pandani (mmea wa jamaa moja na mkadi wetu wa pwani), halafu unapikwa kwa ile supu ya kuku. Pilipili ya kusaga inalegezwa kwa supu hiyohiyo na ndimu. Kwa maneno mengine, kuku ndiye anayepika sahani nzima.

Anayeujua huanza na wali. Dada alichota kijiko cha wali mtupu, akatafuna polepole, akasema, "Huu umepikwa kwa supu ya unga wa pakiti." Kuku mwenyewe alikuwa kidari kitupu, bila ngozi wala mfupa, kimekatwa vipande vinene, kikavu. Pilipili ilikuwa nzuri, nami niliila kwa wingi, lakini Dada alitingisha kichwa. Pilipili bila kuku wa maana inakuwa pilipili tu.

Mwenye mgahawa, mama wa makamo, alikuja mezani baadaye na hakuficha kitu. Alipofungua alikuwa anapika kuku mzima kama kwao. Kuku aliyepikwa hivyo hubaki na wekundu kidogo karibu na mfupa. Singapore hakuna anayeshtuka. London wateja walirudisha sahani, wengine wakitishia kumripoti. Mwongozo wa mamlaka ya chakula ya Uingereza unataka katikati ya nyama pafike nyuzi 70 kwa dakika 2, au kiwango kinacholingana na hicho. Mtu anaweza kutimiza sharti hilo na kuku wake akabaki laini, lakini lazima asimame na sufuria asubuhi nzima, kipimajoto mkononi. Muuza wali wa kuku wa Singapore ana asubuhi hiyo, kwa sababu hana kazi nyingine. Huyu mama ana satei za kuchoma na prata za kukanda. Akaona bora anunue vidari, avipike mpaka asiwe na shaka.

Uamuzi huo peke yake ulishusha kila kitu. Kwenye kidari hakuna mafuta ya kukaangia mchele. Hakuna mifupa ya kutoa supu, kwa hiyo supu ya unga ikaingia. Hakuna ngozi, kwa hiyo ule utando haupo. Hata angekuwa na mpishi hodari kuliko wote, asingekuwa na cha kupikia. Tena kibanda cha Singapore kinachouza makumi ya kuku kwa siku kinapata mafuta na supu bila kuvitafuta, wakati mgahawa unaouza sahani chache za wali wa kuku kwa usiku hauwezi kuvipata kwa namna yoyote ile isipokuwa kwa hasara. Nakumbuka Juni 2022 Malaysia ilipozuia kuku wake wasitoke nje. Singapore ilikuwa inapata huko karibu theluthi ya kuku wake, wengi wakivushwa wazima na kuchinjiwa Singapore, na wauza wali wa kuku walikuwa miongoni mwa waliolia mwanzo. Kwao kuku wa barafu si mbadala. Nilisoma habari zile wakati ule nikaona wanatia chumvi. Mbele ya sahani ile ya vidari nilielewa walikuwa wanasema nini.

Char kway teow

Hapa lazima niseme wazi kwamba mimi ni sehemu ya sababu.

Char kway teow ni tambi pana za mchele zinazokaangwa kwenye karai kwa moto mkali, pamoja na yai, chipukizi za choroko, kombe, soseji ya Kichina, sosi ya soya nzito yenye utamu, na mafuta ya nguruwe pamoja na vipande vyake vilivyokaushwa. Mafuta hayo ndiyo roho yake, kila Msingapore asiye Mwislamu atakwambia hivyo. Mgahawa ule hautumii nguruwe kabisa na kuku wake ni wa halali. Mlangoni wameandika hivyo. Bila maandishi hayo nisingekaa pale, na meza ya jirani yetu, familia ya Wamalay iliyokuja na bibi yao, isingekaa pia.

Singapore hakuna anayelazimika kuchagua kati yangu na Dada. Muuza char kway teow anatumia nguruwe, jirani yake Mmalay anauza chakula cha halali, na hata rafu za kurudishia vyombo zimetenganishwa. Mimi ningenunua kibanda hiki, yeye kile, tukala meza moja. Jiko likiwa moja, mtu mmoja atapoteza, na jioni ile aliyepoteza ni Dada. Hakulalamika. Alisema tu kwamba anaelewa, kisha akaniambia jinsi yule mzee wa Toa Payoh alivyokuwa akikaanga sahani moja moja, hata foleni ikifika barabarani.

Hiyo sahani moja moja nayo ni habari nzito. Juu ya mgahawa kuna nyumba za watu, na bomba la kutolea moshi haliruhusu moto wa kutisha. Mpishi anakaanga sahani tatu kwa mkupuo kwenye moto wa wastani, tambi zinatoa maji, zinachemka badala ya kuungua kidogo kwenye kingo. Ile harufu ya karai lililoshika moto haipatikani. Nilipoionja mimi niliona tambi tamu, za kushibisha, na ningezimaliza kwa raha. Kumbukumbu ya Dada ndiyo iliyokuwa na kipimo, mimi sikuwa nacho.

Kahawa sitaikawiza. Ilikuwa nzuri: nyeusi, nzito, imechujwa kwa mfuko wa kitambaa, ina maziwa mazito ya kopo chini. Buni za kahawa ya namna hii ni robusta zilizokaangwa pamoja na sukari na siagi ya mimea mpaka zimeiva sana. Niseme tu kwamba robusta asili yake ni Afrika, na ile iliyoenea Java mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya kutu ya majani kuua mibuni ya arabika, ilitoka Kongo. Dada hakuwa anajua. Alifurahi zaidi yangu.

Laksa

Laksa ni chakula cha Waperanakan, watoto wa wahamiaji wa Kichina na wanawake wa Kimalay wa visiwa na pwani zile, na ladha yake ni ya majiko yote mawili. Ile ya mtaa wa Katong, mashariki mwa Singapore, hukatwa tambi zake fupi ili uile kwa kijiko tu. Hii tuliyoletewa ilikatwa hivyo. Dada aliona kijiko bila vijiti, akaacha kuzungumza na mimi, akamwita mwenye mgahawa: "Anti, familia yako ya upande gani?"

Wakaingia Kihokkien na kile Kiingereza chao cha kwao, nikaachwa mezani na bakuli langu. Baadaye walinifasiria. Mama yake mwenye mgahawa alikuwa anauza laksa upande wa mashariki mpaka magoti yalipokataa. Laksa tu, hakuwahi kuuza kingine. Binti alikua akimenya vitunguu na kutwanga viungo kabla ya kwenda shule. Alipokuja Uingereza kwa ndoa hakuwa na nia ya kupika, alifanya kazi ofisini kwa muda mrefu, mgahawa ukaja baadaye. Viungo vya laksa anavipika mwenyewe siku moja kila wiki na hamwachii mpishi.

Alinikaribisha jikoni nione sufuria ya akiba. Ule mchanganyiko wanauita rempah: pilipili kavu zilizolowekwa, vitunguu vidogo vyekundu, mchaichai, galangali (jamaa ya tangawizi), manjano mabichi, uduvi mkavu, na belachan, yaani uduvi uliochachuliwa kwa chumvi ukapondwa na kukaushwa kwa jua. Belachan ina harufu ya kumfukuza mgeni, nami niliyekulia pwani niliijua mara moja na sikukimbia. Kazi yote iko kwenye kukaanga. Moto mdogo, kijiko hakitoki sufuriani, mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu yakiwa mekundu, na harufu ya ubichi iishe. Inachukua zaidi ya saa moja. Mwenye haraka akiinua sufuria mapema, laksa yake itakuwa na ukakasi ambao tui halitaufunika. Alinionyesha kwa ncha ya mwiko mahali mafuta yalipoachana na viungo ukingoni mwa sufuria. "Mama yangu alikuwa anatazama hapa tu," akasema. "Saa hatukuwa nayo."

Tui lake ni la kopo, na alikiri kwamba si sawa na kasimile la nazi iliyokunwa asubuhi. Majani ya laksa anayanunua kwenye maduka ya Wavietnam, ambao nao wanayala. Kombe haweki, kwa sababu zile azijuazo hazipati London. Dada, ambaye tangu utotoni hali kombe, hakupungukiwa na kitu.

Sasa linganisha. Wali wa kuku unahitaji kuku wengi wazima kila siku na mtu wa kuwasimamia. Char kway teow inahitaji moto mkali, mkono mwepesi na mafuta ambayo jiko lile limeyakataa. Laksa kazi yake kubwa inamalizika siku kabla mteja hajafika. Rempah iliyokaangwa vizuri inakaa kwenye friji bila kuharibika, na agizo likija mpishi yeyote anaweza kupasha mchuzi, kuchemsha tambi na kupanga kamba na tofu juu. Ugumu umewekwa mahali ambapo mgahawa mdogo una muda nao. Chakula ambacho kazi yake inafanyika mbele ya moto, mteja akisubiri, ndicho kinachoharibika kikivuka bahari. Sipingi kwamba kuna wapishi wachache wanaoweza vyote, ila si kwenye menyu ya vyakula thelathini.

Hata hivyo rempah ya akiba peke yake isingetosha. Migahawa mingi inanunua rempah ya pakiti, na haikosei, lakini Dada asingeinua bakuli. Alichokutana nacho pale ni mkono wa yule mama wa mashariki, umepita kwa binti yake. Hakuwahi kula laksa ya mama huyo. Alitambua tu kwamba hii ni laksa ya mtu.

Kuhusu bei

Bakuli lile ni pauni 14.50. Kijana wa Singapore aliyekaa nyuma yetu alikuwa akimpigia hesabu mwenzake kwa sauti: kwao laksa ni dola nne au tano, yaani kama pauni tatu. Hesabu yake ni sahihi na inapotosha. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mtu mzima kilipandishwa hadi pauni 12.21 kwa saa, kodi ya ongezeko la thamani kwenye chakula cha moto ni asilimia 20, na pango la London kila mtu analijua. Kwenye bei ya mgahawa ule sioni pa kumlaumu mtu.

Ninacholaumu kidogo ni ile imani kwamba bei ya kwao ndiyo bei halisi. Vituo vya Singapore ni mali ya umma, na wachuuzi wa zamani waliotolewa barabarani walipewa pango la ruzuku. Juu ya hapo bei ndogo inabebwa na mgongo wa mpishi, anayeamka usiku wa manane na kufunga akiwa hoi. Umri wa kati wa wachuuzi wale unakaribia miaka 60, na watoto wao wengi wamesoma wakaenda ofisini. Yule mzee wa char kway teow wa Toa Payoh alistaafu bila wa kumrithi. Ndugu zake Dada walimwambia kwamba kibanda sasa kinauza kitu kingine. Kwa hiyo hata angepanda ndege kesho, sahani ile aliyoisogeza pembeni London asingeipata nyumbani pia. Alilijua hilo kabla hatujatoka. Nadhani ndiyo maana alikuwa mpole nayo.

Wapo waliojaribu kuhamisha kituo kizima badala ya vyakula tu. New York, mwaka 2022, K. F. Seetoh, mwandishi wa habari za chakula wa Singapore, alishiriki kufungua Urban Hawker kwenye mtaa wa 50, Manhattan, kwa vibanda 17, kila kimoja na mpishi wake. Anthony Bourdain, mpishi na mtangazaji wa Marekani, aliwahi kuwa na ndoto ya soko la namna hiyo katika jiji hilohilo, akafariki mwaka 2018 bila kulifungua. Kwa hoja yangu hiyo ndiyo njia iliyo sawa, ila inataka mtaji ambao mama wa kaskazini mwa London hana. Njia nyingine ni matawi. Chan Hon Meng, mchuuzi wa kuku wa sosi ya soya aliyepewa nyota ya Michelin, tuzo ya mwongozo maarufu wa migahawa, mwaka 2016 akiwa bado kwenye kibanda chake, alifungua matawi hadi nchi za nje, na mwaka 2021 nyota ile ikaondolewa. Sidai kwamba moja lilileta jingine. Nasema tu kwamba mkono mmoja hauwezi kuwa kwenye sufuria kumi.

Msomaji aliye Minneapolis, Muscat au Leicester ameshaona ninakoelekea. Migahawa yetu ya ugenini ina ugonjwa huohuo. Biriani, nyama choma, samaki wa kupaka, matoke, ugali, mishkaki, chapati, mandazi, yote kwenye karatasi moja, mpishi mmoja na kijana wa kumsaidia. Masala ya biriani yaliyopikwa jana yatakuwa mazuri leo, pengine mazuri zaidi. Mishkaki bila mkaa ni nyama kwenye kijiti, na chapati ya asubuhi iliyopashwa kwa maikrowevu saa mbili usiku usiiagize. Badala ya kuuliza kama mgahawa ni wa Waswahili kweli, muulize mpishi ni wa wapi na kwao walikuwa wanauza nini. Akikwambia mama yake alikuwa anauza mbaazi za nazi na mahamri, agiza mbaazi, hata kama ulikuja kwa ajili ya pilau.

Kabla ya kuondoka nilimwambia mwenye mgahawa kile nilichokuwa nakifikiria. Kwa nini asipunguze menyu, akabaki na laksa, kahawa, na vitu viwili vitatu vinavyokubali kupikwa mapema? Hakukasirika, ila alinijibu kama mtu aliyelipigia hesabu jambo hilo mara nyingi. Nusu ya mauzo yake, alisema, ni maagizo ya simu yanayobebwa na vijana wa pikipiki, na kinachoagizwa kuliko vyote ni zile tambi za bizari za "Singapore", ambazo hakuwahi kuziona kwao akiwa mtoto. Wapishi wa Hong Kong ndio wanaosemekana kuzianzisha. Mpishi wake anazikaanga kwa dakika nne, hazidai viungo vya maana, na Waingereza wanazipenda. Kwa wiki anauza laksa chache mno kulipia hata umeme. Tambi zile ndizo zinazolipa pango, ndizo zinazomnunulia uduvi, na siku akiziondoa kwenye menyu hakutakuwa na sufuria ya rempah ya kunionyesha.

Dada aliagiza laksa nyingine mbili za kufungiwa. Nami nikaongeza sahani moja ya tambi za bizari kwa ajili ya watoto.